Mama Amepita Mtihani wa Mgongo

Wueh, hii nimeitoa kwa gari ya Kitale saa hii. Mama mmoja alikuwa anaambia mzee wa kando yake ati daktari alimtembeza korido kupima mgongo.

"Nilienda nikarudi, hata ukuta sikushika."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani miguu inakufa ganzi kabla nifike choo."

"Si ungemwonyesha hiyo?"

"Mzee, na nilikuwa nimevaa nguo ya kanisa? Watu wote wakiniangalia?"

Kumbe alikuwa anataka operesheni, na daktari amesema haihitaji. Mimi mtihani wa chuo sijawahi jitolea hivyo.

Tukafika Kanduyi. Mama akasimama, akashikilia kiti. "Dere, ngoja miguu iamke."

"Mama," mzee akamwambia, "si utembee ile ya daktari."