Kaya Namba 41

YAH: KUHAKIKI IDADI YA WATOTO WA KAYA NAMBA 41, KITONGOJI CHA JUU.

Barua yenye kichwa hicho ililala kwenye benchi la Mektrida, muuza kahawa wa Kirua Vunjo, imebanwa na sahani ya kashata isipeperuke. Chuo kikuu kimoja kilikuwa kinaandikisha vijana wenye usonji na ulemavu wa akili, kiwafundishe kazi na kujitegemea. Mwisho leo, saa sita mchana. Asiyekuwemo kwenye daftari la kitongoji hapokelewi. Kaya namba 41 ni ya Vedastus. Daftari linasema watoto wawili. Vedastus mwenyewe alikuwa ameketi kando ya barua hiyo.

— Hao wanatafuta ubongo wa kupima — alisema Kileleni, mpagazi mstaafu wa watalii mlimani. — Wanafunzi wana mtihani.

— Mtihani gani? — Mektrida aliuliza, akimimina.

— Wa udaktari. Wakifaulu, kijana anapelekwa Ulaya. Akirudi hakujui!

— Na kihamba chao cha migomba?

— Kinakuwa tawi la chuo. Migomba yote chini, inajengwa maabara.

— Kunywa kahawa, Kileleni. Umeshafika kwenye barafu.

Vedastus hakucheka. Alimgeukia Aristides, mwenyekiti wa kitongoji, wanayemwita Mhuri kwa sababu hulala nao.

— Mwenyekiti, ongeza jina moja tu.

— Meku, mzee wangu, ulisema wawili mwenyewe. Sahihi yako hii hapa.

— Nilisema.

— Basi nataka cheti cha kuzaliwa, barua ya kata, na maelezo ya kimaandishi kwa nini mtoto wa miaka kumi na minane ametokea wiki hii.

Kicheko kilianza, kikakosa pa kwenda. Saa tano na nusu. Pikipiki ilisimama, akashuka binti mwenye kitambulisho cha chuo kifuani.

— Shikamooni. Naitwa Violet. Kaya arobaini na moja ina watoto wangapi?

Kileleni akatazama ndani ya kikombe. Mektrida akafuta birika lililokuwa safi. Mhuri, baba wa ubatizo wa huyo mtoto wa tatu, akafunga daftari, akalifungua tena. Wote walikula mtori siku ya ubatizo ule. Wote walijua kwa nini chumba cha nyuma kwa Vedastus hutiwa kufuli wageni wakija.

— Watatu — alisema Vedastus. — Wa tatu ni Gladness. Nilimficha kwa aibu.

Aristides hakudai cheti tena; aliandika jina la Gladness chini ya yale mawili, na Violet akaondoka nalo saa sita kasoro dakika kumi.