Togwa Niliyoshindwa Kuikataa

Kamwene, ndugu zangu. Nitaegemea benchi hili, maana mguu wangu mnaujua. Mmekuwa mkiulizana pembeni vidole vyangu vilikwenda wapi. Leo nawaambia.

Mwaka ule tulipohamia kijiji cha ujamaa nilikuwa nakunywa maji kama ng'ombe wa Usangu, na chooni sibanduki. Mwili ukaisha. Hospitali ya misheni wakapima mkojo, wakasema, mama, una kisukari, acha vitu vitamu. Nikaacha sukari. Wala haikuwa kazi, sukari yenyewe dukani haipatikani! Mnacheka, lakini ni kweli.

Kumbe taabu iko majumbani. Si mnatujua watu wa huku? Mgeni akikanyaga tu mlangoni, bakuli la togwa hilo, na viazi vitamu vilivyoanikwa juani hadi vikawa asali. Ukikataa, ni kama umemwambia mwenye nyumba kwamba ni mchawi. Mimi nikitoka shamba na njaa napita kwa wifi yangu. Siku ya kwanza nikakataa, akanuna. Siku ya pili akapiga funda yeye kwanza, mbele yangu. "Haya, nimekufa? Kunywa. Hii haina sukari, ni kimea tu."

Nikanywa. Ndugu zangu, nilitaka kuamini! Ikawa kila jioni, na mume wangu anashangaa mbona nazidi kukonda. Kisha nikachomwa na kisiki shambani, wala sikusikia maumivu. Kidonda kikaoza. Hospitali walipofungua kitambaa, mume wangu alitoka nje. Daktari akasema vidole viwili haviponi, na tukichelewa ni mguu mzima. Nililia jamani. Nilimlilia Mungu kwa hasira, nikamwuliza nani atawalimia wanangu.

Wifi akaja kuniona, na chupa mkononi. Togwa! Muuguzi akamwuliza ni nini. Akaeleza vilevile, haina sukari, ni kimea. Muuguzi akamwambia taratibu, "Mama, hicho kimea ndicho kinachoitia utamu. Ikifika mwilini mwake ni sukari tu." Wifi akakaa chini, sakafuni. Nikadhani atagomba, mdomo wake naujua. Akasema, "Sasa akija kwangu na njaa, nimpe nini?"

Hakuna aliyewahi kuuliza hivyo, hata mimi mwenyewe.

Muuguzi akamtajia: karanga za kuchemsha, ujazo wa kiganja, siyo sahani, mbegu za maboga za kukaanga, nusu parachichi, maziwa mgando bila kutia kitu. Niliporudi, wifi akaweka mbegu za maboga katikati, akamgawia kila mtu, hata mume wake aliyekuwa anadai togwa yake. "Leo hapa tunatafuna wote," akasema, tukatafuna.

Sijapona. Kila ninapovua kiatu naogopa nitakachokiona. Lakini mguu ninao, na shamba nalima. Nawashukuru wa hospitali, namshukuru mume wangu aliyenisukuma kwa baiskeli njia nzima. Na wewe wifi, usiiname, inua uso. Bila wewe nisingesimama hapa.

Humu ndani wamo wenye ugonjwa wangu. Wananyamaza, wanakunywa, wasije wakaitwa wenye maringo. Wanakufa kwa heshima, ndugu zangu. Mtu akikataa bakuli lako, mwulize anakula nini.