Mama Tepu na Kumbukumbu za Wagonjwa

Mama yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Tepu, alizaliwa tarehe 4 Mei 1951, mtoto wa tatu wa fundi mwashi na mshonaji. Alisoma kuanzia 1958 hadi 1969, na kwenye hesabu aliwaacha kaka zake mbali, jambo ambalo hakuwaruhusu kulisahau.

Februari 1974 aliajiriwa katika chumba cha kompyuta cha hospitali kuu. Alitueleza kazi yake hivi: tepu ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa chuma, mashine huugeuza unga huo kuwa visumaku vidogo, kimoja kikielekea huku, kingine kule, na mpangilio huo ndio maandishi. Umeme ukizimika, yanabaki. Ukileta sumaku kubwa, kwaheri.

Ndiyo maana fundi redio mmoja alipoingia na spika kwapani, nayo ina sumaku ndani, alimfukuza mbiombio: "Toka na sumaku yako!" Kesho yake fundi alirudi mikono mitupu kuomba radhi. Walioana tarehe 9 Desemba 1978. Baba anacheka hapo mbele. Anajua si uongo.

Kila Ijumaa Mama alirekodi kumbukumbu za wagonjwa wote kwenye tepu, akaisoma upya mwanzo hadi mwisho kuhakikisha, kisha akabeba nakala hadi jengo la ng'ambo ya barabara. Mkuu wake alimwambia hayo ni mambo ya kizamani, sasa kuna diski, aache. Mama akagoma: "Niandikie barua kwamba diski haifi." Barua haikuja.

Machi 1998 bomba lilipasuka juu ya chumba cha kompyuta. Diski zote zikafa, na humo ndimo zilimokuwa kumbukumbu za dawa na vipimo vya wagonjwa elfu kumi na moja. Siku tatu Mama alikaa na mashine yake, akizirudisha kumbukumbu kutoka tepu zilizokuwa ng'ambo ya barabara. Mkuu akawa anachungulia: "Dada, bado?" "Tepu hairuki kurasa, bosi. Kaa." Alikaa. Jina la mwisho liliposomeka, mkuu alilia mbele ya watu.

Alistaafu 2006. Figo zilianza kumsumbua Januari 2023. Hata kitandani alimuuliza nesi, "Nakala ya faili langu iko wapi?" Alituaga asubuhi ya tarehe 11 Juni 2024.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, na maelfu ya watu waliopewa dawa sahihi bila kumjua. Sisi tulimjua. Pumzika, Mama, kazi uliimaliza.