Mama Thibitisha Hakutia Saini

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha nadharia ya kompyuta, Mama Thibitisha anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Anaondoka na cheo kile kile cha mhadhiri mwandamizi. Wasifu huu unaeleza sababu, maana hotuba ya Mkuu wa Idara haitaieleza.

Kazi yake ilikuwa kuchunguza kompyuta za kwanta, zile zinazohesabu kwa kutumia tabia za chembe ndogo mno, zitaweza nini na zitashindwa nini, hata kabla hazijaundwa. Vifaa vyake ni penseli, karatasi na kifutio. Waheshimiwa wa ghorofa ya juu, ambao hawajawahi kuthibitisha chochote isipokuwa mahudhurio, walimcheka kwa hilo.

Jina lake alipewa na wanafunzi. Aliyesema darasani kwamba jambo haliwezekani alikabidhiwa chaki athibitishe. Akishindwa, aliandika ubaoni "sijaona njia", kisha akakaa. Mkuu wetu, alipokuwa mwanafunzi wake, aliyaandika maneno hayo mara tisa kwa muhula mmoja, na bado hayakumwingia.

Miaka sita iliyopita idara ilikodi muda kwenye mtambo wa kwanta. Mtambo ukatatua fumbo la kupanga ratiba kwa dakika nne. Debe tupu haliachi kuvuma: Mkuu akaandika ripoti kwamba kompyuta ya kawaida isingeiweza kazi hiyo hata kwa miaka elfu, akaalika wageni, akaagiza mapazia ya buluu. Wahadhiri kumi na mmoja tulitia saini. Mama Thibitisha aliisoma ripoti yote, jambo ambalo sisi hatukulifanya, akauliza uthibitisho uko ukurasa wa ngapi. Akaambiwa asiwe kikwazo cha maendeleo.

Alijifungia wiki tatu. Siku mbili kabla ya sherehe alikuja na njia ya kulitatua fumbo lile kwa kompyuta ya kawaida, akaiendesha kwenye kompyuta ya karani wa masijala, ile yenye vitufe vinavyokwama. Ilimaliza kabla karani hajamaliza chai yake. Akamwambia Mkuu mbele yetu sote: "Mwanangu, hukuthibitisha kwamba njia haipo. Ulichoka kuitafuta."

Sherehe ikafutwa. Mwezi uliofuata ofisi yake ikageuzwa stoo ya mabango, naye akahamishiwa kando ya mashine ya kudurufu. Uprofesa aliutaka sana, wala hakuficha. Maombi yake yalipotea mara tatu, katika idara yenye makabati mawili. Sisi tulijua yalikopotelea, tukafyata mkia. Tulipokutana naye kwenye korido tulizungumzia mvua.

Mama, asante kwa yote uliyotufundisha. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na wajukuu wasiokuchosha. Cheo ulichostahili hatuwezi tena kukupa. Tulimwogopa Mkuu, tukakuacha peke yako, na tunaona haya.