Zélie Fontanieu, Aliyetunga kwa Miguu

Zélie Fontanieu, tunayemlaza leo katika shamba la wazazi wake kama ilivyo desturi yetu Waprotestanti wa milima hii, alizaliwa tarehe 9 Novemba 1921 hapa Mas Viel, Cévennes, kusini mwa Ufaransa, mtoto wa kwanza wa Samuel na Lydie Pontier. Mdogo wake Élie, anayesoma wasifu huu, alimfuata miaka mitatu baadaye.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia 1927 hadi 1934. Alifundishwa kuandika Kifaransa, na alifundishwa kuionea haya lugha ya mama yake, Kioksitani. La kwanza alilishika. La pili halikumwingia.

Kazi yake ilikuwa mbuzi, nyuki na kastania, zile kokwa zilizotulisha kabla ya mkate wa duka. Kila Desemba, kokwa zilipokwisha kukaushwa kibandani kwa moshi, watu wanane walivaa viatu vyenye meno ya chuma, wakazikanyaga mpaka maganda yaachie. Ili miguu iende pamoja, mmoja alighani. Tangu 1938 mghani alikuwa Zélie. Alitunga mashairi kwa Kioksitani juu ya baridi, wafu, mbuzi wakaidi na wanaume wavivu, akayahifadhi yote kichwani. Hakuandika hata mstari. Kibanda kile sasa kina bafu la wageni wa kiangazi.

Tarehe 6 Aprili 1946 aliolewa na Abel Fontanieu, mjenzi wa kuta za mawe, aliyefariki 1981. Abel alikuwa mkanyagaji mbovu, na Zélie alishamtungia beti sita za kumsuta mbele za watu. Alipoulizwa kwa nini alimposa hata hivyo, Abel alijibu, “Heri anisute nyumbani kuliko aolewe mbali akanitangaze huko.”

Oktoba 1974 alikuja bwana mmoja kutoka mjini, Didier Lacaze, kurekodi mashairi ya wazee kwa ajili ya hifadhi ya sauti. Alimketisha Zélie jikoni, akasimamisha saa ya ukutani, akafukuza kuku. Zélie alighani mistari mitatu, akanyamaza.

“Umesahau, mama?”

“Sijasahau. Miguu ndiyo imekaa.”

Bwana huyo alicheka kwa adabu, akafunga mashine yake. Katika daftari la hifadhi iliandikwa: “Kumbukumbu imefifia.” Zélie aliletewa nakala, akaisoma mara moja, akaitia katika sanduku la Biblia. Hakughani tena hadharani. Wakati huo hata hivyo hapakuwa tena na watu wanane wa kukanyaga.

Moyo wake ulianza kudhoofika Septemba 1992. Kitanda kilihamishiwa jikoni, penye sakafu ya mawe. Januari mjukuu wake, Coralie, alileta kinasa sauti kidogo, na Élie akavaa vile viatu vya chuma, akakanyaga kando ya kitanda. Bibi huyo, ambaye hakuweza kuinua kikombe, alighani alasiri sita.

“Kanyaga kama mtu aliyekula, Élie! Unakanyaga kama mchungaji anayeogopa kuamsha waumini!”

“Nina miaka sitini na minane, dada.”

“Na mimi ninakufa. Kanyaga.”

Yalinaswa mashairi arobaini na moja. La arobaini na mbili lilifika katikati, Élie akaishiwa pumzi. Alisema wamalizie kesho. Zélie alifariki alfajiri iliyofuata, tarehe 3 Februari 1993, akiwa na miaka sabini na mmoja.

Coralie aliipigia simu hifadhi ya sauti. Walisema watazipokea kanda, na kwamba wana mitambo ya kuondoa vile vishindo. Wamekatazwa. Wameombwa pia wafute neno moja katika daftari lao: “imefifia.” Kuhusu hilo hawajajibu.

Marehemu ameacha mtoto mmoja, Daniel, wa Nîmes; mjukuu mmoja, Coralie; mdogo wake Élie; mashairi arobaini na moja, na nusu ya jingine; na wazee watatu tu wa hapa wanaoyaelewa bila kutafsiriwa. Wote watatu wamesimama hapa kaburini, na aliye mdogo kuliko wote ndiye huyu anayesoma.

Udongo wa kwao umpokee kwa upole, na amani iwe juu yake.