Dole Gumba la Mzee Ladislaus

Basi la mtu binafsi lilishuka mlima wa Newala kuelekea Masasi. Mzee Ladislaus akamwonyesha mama aliyeketi naye karatasi ya kanisa.

"Mwanangu Amon anakwenda Brazili kuhubiri, na mke na mtoto. Magunia ya korosho nimewachangia. Sasa kanisa linataka nitie dole gumba kukubali kwamba wakifa, wazikwe huko huko."

"Mbona unawazika mapema, baba?"

"Kanisani kwetu yapo makaburi ya wamisionari Wazungu. Sijaona hata ndugu yao mmoja akija kuyapalilia. Napalilia mimi."

"Basi na huko atakuwepo wa kupalilia."

"Unamjua?"

Mzee akaficha mkono mfukoni.

Basi liliposimama Masasi, Amon alikuwa mlangoni, mtoto begani, kibati cha wino wa kutilia dole mkononi.