Kijiti Kilichopotea Uwanjani

Ndugu waombolezaji, familia imenichagua mimi, mdogo wa mwisho wa marehemu, niwasomee haya, kwa kuwa ndimi pekee niliyeahidi kumaliza bila kulia, na hilo tutaliona.

Kaka yetu, ambaye wengi mlimwita Bwana Vipimo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa pili wa seremala na mshona nguo, akaanza shule ya msingi mwaka 1966, akaingia sekondari mwaka 1973, kisha chuo cha upimaji ardhi mwaka 1977, alikohitimu miaka miwili baadaye akiwa na cheti na ubishi, maana tangu hapo hakuna meza iliyoingia nyumbani kwetu bila kupimwa mara mbili.

Tarehe 1 Julai 1980 aliajiriwa ofisi ya upimaji ya wilaya, akapewa kibarua wa kumvutia mnyororo wa kupimia, kijana mwembamba, mwingi wa maneno, ambaye hadi leo tunamwita Mnyororo, yule pale safu ya mbele mwenye mfuko wa turubai magotini, nao wakawa chanda na pete hadi kaka alipostaafu mwaka 2018.

Tarehe 22 Septemba 1981 walipima uwanja wa shule, kazi ambayo kila mnyororo, wa mita ishirini, unapoishia huchomekwa kijiti cha chuma, anayefuata nyuma hukiokota, na idadi ya vijiti alivyookota ndiyo hesabu ya umbali. Siku hiyo Mnyororo ndiye aliyefuata nyuma, kijiti kimoja kikamponyoka majanini, akaogopa kufukuzwa, akanyamaza, hesabu ikapungua mita ishirini, ramani ikatoka na kosa, na kaka akapewa barua ya onyo iliyomchelewesha kupanda cheo kwa miaka mitatu. Mnyororo alikaa na siri hiyo miaka arobaini na mmoja.

Tarehe 8 Desemba 1984 kaka alifunga ndoa na shemeji yetu mkunga, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja, na sasa wajukuu watano, wote wabishi kama babu yao.

Tarehe 17 Januari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, madaktari wakasema wazi kwamba ni suala la miezi. Mnyororo alikuja kila siku, lakini kukaa hakuweza, alikuwa akiuliza kama dirisha limefunguliwa, anakunja kofia yake, anaondoka. Mwezi Februari aliazima kwa mkwewe, fundi bomba, kifaa cha kutambua vyuma vilivyofukiwa, akawa kila alasiri, wanafunzi wakishaondoka, anatembea uwanjani hatua kwa hatua, vifaa vya kusikilizia masikioni, akichimba kila kifaa kilipolia. Shemeji alipomuuliza anapata nini huko, alijibu kwamba kule hasikii mtu akikohoa, na kwamba anapochimba moyo wake unatulia kidogo.

Alichopata alimletea mgonjwa, vizibo vya soda, misumari, funguo, kijiko kimoja kilichopinda, na kaka alivipanga juu ya blanketi kwa ukubwa, akimtania kwamba anataka kumfanya mchuuzi wa vyuma chakavu. Siku ambazo kucheka kulimshinda, alivigusa tu.

Tarehe 6 Juni, karibu na uzio, kifaa kililia, Mnyororo akachimba, akakitoa kijiti chenyewe. Alikuja bila kunawa mikono, akasimama mlangoni, akakiri yote mbele yetu huku analia. Kaka aliagiza aletewe mfuko wa turubai wa vijiti uliokuwa chini ya kitanda, akamwambia ahesabu vilivyomo, vikawa kumi, tisa vyenye vichwa vya duara na kimoja cha mraba, ambacho Mnyororo alidhani miaka yote kilitoka stoo. Kumbe siku alipopewa barua ya onyo, kaka alihesabu vijiti, akakuta tisa, akaelewa kila kitu, akaenda kwa fundi wa kuchomelea akatengenezewa cha kumi, ili ofisi isije ikauliza.

Mnyororo aliuliza kwa uchungu kwa nini alimwacha achimbe miezi minne. Kaka alijibu kwa sauti ndogo kwamba kama angemwambia mapema, Mnyororo angebaki hapo kando ya kitanda akimtazama anavyokufa, naye hakutaka kutazamwa hivyo na rafiki yake, alitaka kuletewa vizibo.

Aliaga dunia Ijumaa tarehe 9 Juni 2023, saa nne asubuhi, mkono mmoja ukiwa kwa mkewe na mwingine kwa Mnyororo, ambaye asubuhi hiyo alikaa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea maji bila kuombwa, wafanyakazi wenzake, na mwalimu mkuu aliyevumilia mashimo uwanjani mwake, ambayo yote yamefukiwa.

Pumzika kwa amani, kaka, Mnyororo amehesabu tena leo asubuhi, na vijiti vyako vyote vimerudi.